Zilizopona Mwanjelwa

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya tena. Ilikuwa Januari 2024, saa tatu usiku, na mvua ilikuwa inalipiga bati la studio ya baba pale Kabwe hata ikanibidi nisogeze sikio kwenye boksi la kompyuta ndipo niisikie vizuri. Nyuma yangu, kwenye benchi la wateja, alikaa mama mmoja wa Igawilo na kijana wake. Kitenge alichojitanda kilikuwa kimelowa. Mumewe alikuwa mochwari, maziko kesho yake saa nane mchana. Walikuwa wamepekua nyumba nzima kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, wakapata ile ya kitambulisho tu, ambayo ukiikuza inabaki kivuli. Ndipo kijana akakumbuka kwamba siku ya kipaimara chake, mwaka 2012, baba yangu ndiye aliyewapiga picha.

Baba hakumuuliza jina. Alimuuliza ni kanisa gani, na kama siku ile mvua ilinyesha. Kijana aliposema ilinyesha wakati wa kutoka, baba akasema, "Basi niliwapigia barazani." Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikaguna, ikatoa ile sauti, ikazima. Akabonyeza tena. Mara ya tatu vilevile. Yule mama aliinamisha kichwa, nikajua anaomba. Mara ya nne ikawaka.

Ilipofika saa tano kasoro picha ilikuwa imetoka. Marehemu amevaa koti la kijivu, anatazama kamera bila kutabasamu lakini macho yamefurahi, mkono wake mmoja uko begani mwa mtoto ambaye ilitubidi tumkate ili baba mtu abaki peke yake. Kijana alitazama kwenye skrini bega lake likiondoka. Hakusema kitu. Mama aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, baba akamwambia, "Pole sana mama, Mungu awatangulie," nao wakaondoka na bodaboda kwenye mvua, picha imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili.

Baba akazima mashine. "Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "hii imechoka."

Nikamwambia nimeisikia.

Kwa mtu wa Mbeya, ukisema Desemba 2006 huna haja ya kueleza sana. Ndio mwezi soko la Mwanjelwa lilipoungua. Studio ya baba ya kwanza ilikuwa ndani ya lile soko, chumba kimoja chenye pazia la maporomoko ya maji ukutani, kiti cha kuzunguka, na nyuma yake kichumba cha giza alichokuwa anasafishia picha nyeusi na nyeupe kabla mikanda ya rangi haijaanza kupelekwa maabara. Negativu zote alizihifadhi kwenye makopo ya biskuti, kila kopo na mwaka wake, kuanzia 1988. Siku ya moto alikuwa Tukuyu harusini. Aliporudi alikuwa na kamera iliyokuwa shingoni, flashi moja, na mikanda mitatu ya harusi ya watu. Makopo ya miaka kumi na minane yalikuwa yamebaki bati jeusi lililokunjamana.

Nilikuwa sekondari wakati huo. Nakumbuka hakulia. Alichukua kopo moja lililoungua, akalifungua kwa bisibisi, akatazama ndani, akalifunga tena. Kisha akaenda kusafishisha ile mikanda mitatu ya harusi, kwa sababu wenyewe walikuwa wanasubiri.

Wafanyabiashara wengi wa Mwanjelwa walihamia Sido, na mwaka 2017 soko la Sido nalo likaungua. Baba alikuwa ameshapanga Kabwe, akanunua kamera ya dijitali mwaka 2007 na kompyuta ya mezani iliyotumika. Tangu siku ile kila alichopiga kiliingia kwenye ile kompyuta: mahafali, send-off, ubarikio, vikundi vya kwaya, paspoti saizi za wanafunzi, misiba. Miaka kumi na saba. Na mimi, mwanawe niliyeona yale makopo, nilipita mbele ya ile mashine kila Jumamosi nikiamini kwamba picha zimehifadhiwa kwa sababu tu zinaonekana kwenye skrini.

Nataka niliseme hili kwa uzito wake. Picha iliyo kwenye kompyuta moja haina tofauti na negativu iliyo kwenye kopo moja la biskuti, ndani ya chumba kimoja cha soko. Tofauti ni kwamba kopo halikuwahi kututahadharisha. Diski ilitoa sauti.

Sauti ile ina maana yake. Diski za kizamani zina sahani ndani, nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu ya sahani kuna kichwa kinachosoma bila kuigusa, kikielea karibu mno kuliko unene wa unywele. Kikishindwa kupata mahali pake kinarudi mwanzo na kujaribu tena, ndiyo hiyo tik, tik. Ukiendelea kuiwasha unaimaliza. Kwa hiyo kesho yake hatukuiwasha. Tuliichomoa diski tukampelekea fundi wa kompyuta Mafiat, kijana mtulivu sana, akaiunganisha kwenye mashine yake na kuihamishia kwenye diski mpya ya nje, polepole, siku mbili. Picha kama mia mbili hazikusomeka. Zilikuwa za Pasaka ya mwaka 2010. Baba aliniomba nimwandikie hiyo idadi kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye pochi.

Sasa tulikuwa na nakala, na shauri langu lilikuwa tuzipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile wanayoiita wingu. Baba alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa sijawahi kujiuliza mimi mwenyewe: "Zitalala wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya seva na akaunti, nikaona hanifuati, wala si kwa sababu hajui. Alikuwa anauliza jengo. Nikaenda kusoma. Nikarudi kumwambia kwamba wingu ni majengo kweli, makubwa, yamejaa kompyuta zinazotoa joto kali na zinazohitaji kupozwa saa zote. Kituo kimojawapo cha Google kiko Hamina, nchini Ufini, ndani ya kiwanda cha zamani cha karatasi walichokinunua mwaka 2009, na mashine zake hupozwa kwa maji ya bahari. Hapo baba akachangamka. Kiwanda cha karatasi anakijua. Amewahi kuitwa Mgololo kule Mufindi kupiga picha za harusi ya mfanyakazi wa kiwandani, anakumbuka ukubwa wa yale majengo na magogo ya misonobari yaliyopangwa kama kuta. Nikamweleza kwamba mteja hachagui jengo, na kwamba kampuni huweka nakala zaidi ya mahali pamoja ili mashine moja ikifa picha isife nayo.

"Kumbe ni nyumbani kwa watu," akasema.

"Ndiyo baba. Unapangisha chumba."

"Na kodi?"

Kodi ipo. Walimu wenzangu wengi bado wanaamini kwamba Google huhifadhi picha bure bila kikomo. Ilikuwa hivyo kwa picha zilizopunguzwa ubora kidogo, mpaka 1 Juni 2021. Tangu hapo kila akaunti ina GB 15 za bure, na humo humo mnagawana na barua pepe zako na faili nyingine zote. Dropbox hutoa GB 2, iCloud na OneDrive GB 5 kila moja. Sisi tulikuwa na GB 160 baada ya kusafisha. Tulihitaji kifurushi cha kulipia cha GB 200, na kadi ya malipo ya mtandaoni niliitengeneza kwenye simu. Baba alisema kodi ile ni ndogo kuliko ya fremu ya Kabwe, na kwamba atailipa yeye.

Nimesema baada ya kusafisha. Kusafisha huku ndiko kulikotuchukua Februari na Machi nzima, na kama kuna mtu anasoma hapa akiwa na mashine ya studio au hata ya familia tu, naomba asiiruke kazi hii.

Kwanza, picha pacha. Baba alikuwa na tabia ya kumwaga memori kadi nzima kwenye kompyuta kila jioni bila kufuta kadi, kwa hofu, na ninaielewa hofu hiyo. Matokeo yake harusi moja ilikuwa imeingia mara tatu, nne. Zilikuwa picha zaidi ya 51,000. Zilizobaki baada ya kutoa pacha zilikuwa 40,000 hivi. Kazi hii inafanywa na programu inayolinganisha yaliyomo ndani ya faili, si jina lake, na sababu yake ni hii ya pili.

Kamera huhesabu picha kwa tarakimu nne. Ikifika 9999 inarudi 0001. Mpiga picha anayefanya kazi kila wiki hufika huko, tena mara nyingi. Kwa hiyo baba alikuwa na picha saba zenye jina lile lile, DSC_0412, za watu saba tofauti, za miaka saba tofauti. Aliwahi kuwa na msaidizi, kijana mwema, ambaye mwaka 2014 aliamua kupanga mambo kwa kuzihamishia picha zote kwenye folda moja. Kompyuta ilimuuliza kama ibadilishe faili zenye jina lililopo. Akakubali. Hatujui ni nyuso ngapi ziliondoka mchana ule. Leo kila picha ya baba inaanza na tarehe kwenye jina lake, kisha namba ya kamera, na hazigongani tena.

Na tarehe zenyewe? Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake siku na saa iliyopigwa, kwa kadiri kamera inavyojua. Kibetri kidogo cha kutunza saa kikiisha, kamera husahau na kurudi mwaka ilioundwa nao. Kuna kipindi kizima, tangu mahafali ya mwaka 2011 mpaka mavuno ya viazi ya mwaka uliofuata, ambapo kwa mujibu wa kamera ya baba watu wote wa Uyole, Ilomba na Mbalizi walioa, walihitimu na kuzika wapendwa wao kati ya tarehe 1 na 9 Januari 2007. Tulizirekebisha kwa mafungu: unapata picha moja ambayo tarehe yake ya kweli unaijua, sisi tulitumia bango la mahafali lililosomeka nyuma ya wanafunzi, unapima tofauti, kisha unaisogeza folda nzima kwa tofauti hiyo hiyo. Ipo programu ya bure iitwayo ExifTool inayofanya kazi hiyo bila kugusa picha yenyewe.

Hili la tarehe ndilo lililotuamulia aina ya hifadhi. Google Photos hupanga picha kwa tarehe, na folda ulizozihangaikia nyumbani haziendi nazo. Google Drive hutunza folda zilivyo. Kwa picha za simu yangu natumia ile ya kwanza na naipenda. Lakini kumbukumbu ya baba ni ya folda: kanisa, Jumapili, mvua. Tukachagua folda. Na tukapakia ubora wa asili, si uliopunguzwa, kwa sababu siku ya msiba unahitaji kila chembe ya uso.

Kabla ya hapo lakini, mwanzoni mwa Aprili, nilifanya kosa ambalo bado linanikosesha raha. Huduma ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa ile ya kusawazisha. Unaiambia programu iitazame folda fulani kwenye kompyuta, nayo inahakikisha kilicho kwenye kompyuta na kilicho wingu vinafanana daima. Nilipoona folda za mwaka 2007 na 2008 zimeshapanda, nikazifuta kwenye kompyuta kupata nafasi. Jioni nikafungua simu nizitazame wingu. Hazikuwepo. Programu ilikuwa imetimiza kazi yake sawasawa: nilipofuta huku, ikafuta na kule, ili vifanane. Mikono ilinitetemeka, nakwambia kweli. Nilizikuta kwenye pipa la taka la ile huduma, ambalo lilikuwa linatunza vitu kwa siku 30, nikazirudisha, na hata kama zisingekuwepo tulikuwa na ile diski ya nje. Lakini nilijifunza kwamba kusawazisha na kutunza nakala ni mambo mawili. Kusawazisha ni kioo: ukiondoka mbele yake, hakuna mtu ndani. Nakala ni ile picha uliyompa shangazi yako Njombe. Ukichoma ya kwako, ya shangazi ipo.

Baada ya hapo tulipakia kwa mkono, kupitia kivinjari, folda baada ya folda, bila kamba yoyote inayounganisha pande mbili.

Sasa hesabu. Nafundisha hesabu, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameshafanya swali hili ubaoni. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti, ukubwa wa picha husemwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Vilevile, kasi wanayokutangazia ni ya kupakua. Ya kupakia huwa ndogo zaidi, maana watu wengi wanatazama kuliko wanavyotuma. Rauta yetu nyumbani Ilomba, usiku majirani wakiwa wamelala, ilikuwa inatupa megabiti 2 kwa sekunde za kupakia. Picha ya megabaiti 4 ni megabiti 32. Sekunde 16. Ukizidisha kwa 40,000 unapata sekunde 640,000, ambazo ni saa karibu 178 mfululizo. Tukatenga saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita za usiku ni picha 1,350. Usiku thelathini.

Kwa hiyo kila jioni kuanzia 15 Aprili nilichagua folda zenye jumla ya picha zisizozidi 1,350, nikaiwekea kompyuta mpangilio wa kutolala, nikaziweka kwenye foleni, nikaenda kulala mimi. Alfajiri kabla ya shule nilihesabu. Folda huku ina picha 412, kule ziko ngapi? 412. Alama ya vema kwenye daftari. Zikiwa 409, folda ile inarudiwa kesho. Umeme ulikatika usiku minne. Baba alizoea kuniuliza kwenye simu asubuhi, kabla hata ya salamu kuisha vizuri, "Marahaba mama, tumefika mwaka gani?" Namwambia tumefika 2016. Anasema, "Ah, mwaka wa ile kwaya ya Rungwe," na siku inaanza hivyo.

Usiku wa 11 Mei ukawa wa ishirini na saba tangu tuanze. Picha zilizokwisha kufika zilikuwa 31,000 na kidogo. Jumapili, tarehe 12 Mei, kabla ya kwenda ibada ya pili, nikakuta foleni imesimama. Nikazima rauta, nikawasha. Nikadhani bando limeisha. Nikampigia dada yangu Iringa, naye hana intaneti. Tulipotoka kanisani ndipo habari zikaenea: mikongo miwili ya intaneti ya chini ya bahari ilikuwa imekatika, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania na majirani zake wengi hawakuwa na mtandao wa maana.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba na daftari langu. Sikuwahi kufikiria kabla ya siku ile kwamba picha ya bibi harusi wa Mbalizi ikitoka Ilomba inashuka na waya mpaka pwani, inaingia baharini, inalala kwenye mchanga wa bahari, ndipo ifike. Mkongo wa kwanza wa aina hiyo ulifika Dar es Salaam Julai 2009 tu. Picha za baba za 2007 ni za kabla ya njia yenyewe kuwepo.

Mtandao ulipokuwa umelala tukafanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzoni. Tulinunua diski ya pili ya nje, tukanakili vyote, tukaifunga kwa nguo za mtoto ndani ya boksi la viatu, na shemeji aliyekuwa anasafiri akaipakata kwenye basi mpaka Iringa kwa dada, Gangilonga. Ni zaidi ya kilomita 300, saa kama saba. Nilipiga hesabu kwa furaha yangu mwenyewe: GB 160 kwa saa saba ni megabiti 50 hivi kwa kila sekunde. Basi lile, pamoja na kusimama Makambako watu wale mahindi ya kuchoma, lilikuwa na kasi mara ishirini na tano ya rauta yangu.

Mtandao ulipotulia tukaendelea. Usiku saba zaidi. Folda ya mwisho ilikuwa ya yule mama wa Igawilo, picha moja tu, iliyokatwa bega la mtoto, Januari 2024. Ile nzima ya 2012 ilikuwa imeshapanda na wenzake. Baba alitaka zote mbili ziwepo.

Mpwa wangu, anayejua mambo ya mitandao kuliko mimi, alishauri tufungue ukurasa wa Instagram wa picha za Mbeya ya miaka ile. Ana nia njema na ningependa kuuona ukurasa kama huo. Baba alikataa bila kupandisha sauti. "Walinilipa niwapige," alisema, "hawakunilipa niwatembeze." Kwake picha ya mtu ni amana. Nchi nayo sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini baba aliifuata kabla haijaandikwa. Akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili, hakuna folda yenye kiungo cha wazi, na mteja akija anapewa zake peke yake.

Jambo moja nililoshughulikia kimyakimya, kwa sababu ni gumu kulisema mbele ya mzee. Google, tangu Desemba 2023, inaweza kuifuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na kila kilichomo. Akaunti ni ya baba, na baba ana miaka sabini na moja. Ukifa na neno la siri lako, wingu lako linakufuata taratibu. Upo mpangilio wa kuteua mtu atakayepewa faili akaunti ikinyamaza kwa muda unaouchagua mwenyewe. Nilipomwonyesha, nikiwa nimeandaa maneno ya kumpoza, alisema tu, "Mwandike dada yako. Wewe utakuwa unahangaika na mazishi."

Kinachoendelea mpaka leo ni majina. Hatukuweza kuandika majina ya picha 40,000 na hatutaweza. Kila folda ina tarehe, mahali, shughuli na familia, na picha za mtu mmoja mmoja ndizo tunazoziandikia jina. Tunatumia programu ya bure iitwayo digiKam kuyaandika ndani ya faili lenyewe. Ukiyaandika kwenye tovuti ya wingu peke yake, siku ukihama yanaweza kutoka yakiwa kwenye faili jingine pembeni, na picha ikabaki bubu.

Jumapili baada ya chakula tunakaa, mimi na laptopu, yeye na chai yake. Namwonyesha uso. Ananyamaza. Mara nyingine hakumbuki jina lakini anakumbuka kwamba viatu vilikuwa vya kuazima, au kwamba huyu alilipa nusu akaja kumalizia baada ya mavuno, ametembea kutoka Itende. Naandika hayo pia. Zile asizozikumbuka kabisa tunaziweka kwenye folda inayoitwa Tunawatafuta. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Mteja mzee akija studio, kabla hajaondoka, baba humwomba atazame kumi.

Julai, yule mama wa Igawilo alirudi. Alikuwa amemaliza mambo ya mirathi, amenenepa kidogo, amekuja na flashi ya kompyuta anataka ile picha nzima, yenye mtoto. Nilimwekea. Kisha akafungua mkoba akatoa bahasha ya kaki. "Baba," akamwambia, "hii niliiona nikatamani uitazame. Ni ya kwako."

Ilikuwa picha ya karatasi, pembe zimeliwa kidogo na unyevu. Msichana na mvulana wamesimama mbele ya maporomoko ya maji. Pazia la Mwanjelwa.

Baba hakutazama nyuso. Aliigeuza kwanza. Nyuma kulikuwa na mhuri wake wa zamani, wa wino wa zambarau, na chini yake kwa penseli mwandiko wake mwenyewe: 94, mkanda wa 31, namba 17. Alipitisha kidole gumba juu ya ile penseli. Lile kopo la 1994 nalijua, ndilo alilolifungua kwa bisibisi.

Miaka kumi na saba tulikuwa tunasema kwamba kazi yake ya Mwanjelwa iliisha yote. Wala haikuwa imeisha. Aliwauzia watu. Iko Igawilo, iko Tukuyu, iko Chunya na Makete, kwenye masanduku ya bati na ndani ya Biblia, kwenye fremu zilizowekwa juu ya makabati ya vyombo.

"Unaniazima siku moja?" akamuuliza.

"Hata mwezi, baba."

"Siku moja inatosha." Akanipa. "Mama, skana yako inaenda ngapi?"

Nikamwambia kwa picha ndogo kama hii tutaweka nukta 600 kwa inchi, ili tukitaka kuikuza ikuzike. Akaifuta kwa kitambaa cha lenzi, akaniwekea kwenye kioo uso ukiwa chini, akaisogeza kidogo inyooke. Tayari alikuwa anamuuliza yule mama ni nani mwingine kule kwao ana picha yenye ule mhuri.